Mapigo ya moyo ya mzee yanapovurugika katikati ya upasuaji: tulaumu umri, dawa ya usingizi au kisu?

#1 Mjukuu Mtiifu
Habari zenu wanajukwaa. Babu yangu, mwenye umri wa miaka 79, alivunjika nyonga na akafanyiwa upasuaji. Tulielezwa baadaye kwamba katikati ya kazi mapigo yake, ambayo yalikuwa yakienda vizuri kwenye 80 hivi kwa dakika, yalipanda ghafla hadi zaidi ya 140 na kupoteza mpangilio kabisa, presha ikashuka, madaktari wakasimama kidogo kumtuliza, kisha wakamalizia. Anaendelea vizuri. Tatizo liko kwa familia: shangazi anashikilia kwamba ni nusu kaputi iliyomharibu moyo, na baba mdogo anasema hospitali ilizembea kwa kuwa kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika kabla na kikaonekana hakina kasoro. Naomba wenye ujuzi watufafanulie, chanzo hasa huwa ni nini?

#2 Bi Mstaafu wa Thieta
Pole kwa kuuguza. Mimi nimefanya kazi chumba cha upasuaji hadi nilipostaafu, na jibu langu ni umri. Kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kuna kifundo cha chembe maalumu zinazoanzisha kila pigo, na chembe hizo hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kiasi kwamba inaelezwa kuwa mtu wa miaka 75 hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya zile alizokuwa nazo akiwa na miaka 20. Pia kuta za vyumba vya juu hutanuka na kuingiwa na makovu madogo madogo, na umeme unaopita kwenye makovu hauendi moja kwa moja bali huzunguka na kurudi ulikotoka. Moyo wa namna hiyo unaweza kumvusha mtu salama katika shughuli zake za kila siku, lakini ukiongezewa mzigo wa upasuaji unayumba.

Kuhusu presha kushuka, vyumba vya juu vinapopapatika badala ya kusukuma, ule msukumo wa mwisho unaojaza vyumba vya chini unapotea. Kijana haumpi shida sana. Moyo wa mzee umekakamaa na unautegemea msukumo huo kwa sehemu kubwa ya ujazo wake, kwa hiyo presha haichelewi kuporomoka.

#3 Kidole Juu
Bi Mstaafu, heshima yako, ila maelezo ya umri huwa yananitia shaka kwa sababu hayamgusi mtu yeyote aliyekuwamo chumbani. Babu alikuwa na miaka 79 asubuhi ile akiwa kitandani, na alikuwa na miaka hiyo hiyo alipokuwa mezani. Kwa nini moyo uvurugike saa ile na si nyingine?

#4 Mlinzi wa Usingizi
Swali la #3 ni zuri, na ndilo tunalojiuliza sisi madaktari wa usingizi kila mara mstari unapobadilika kwenye skrini. Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa: mapigo kuwa ya taratibu mno, na mapigo kuwa ya kasi yasiyo na mpangilio.

Kwenye yale ya taratibu, dawa zetu zinahusika mara nyingi. Propofoli, fentanili na ndugu zake, na dawa tunayotumia mwishoni kuondoa ulegevu wa misuli, zote zinaweza kupunguza kasi ya moyo, na ndiyo maana hiyo ya mwisho hatuitoi bila kuiambatanisha na atropini au dawa ya aina hiyo. Ganzi ya mgongo nayo ikipanda juu mno huzima mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili nne za kwanza za kifua, ambayo kazi yake ni kuuhimiza moyo, na hapo mapigo yanaweza kushuka ghafla.

Kwenye yale ya kasi, lawama nyingi zimerithiwa kutoka enzi za halotheni, gesi iliyoanza kutumika miaka ya 1950, ambayo kweli iliufanya moyo uwe mwepesi kushtuka pale adrenalini ilipoongezeka mwilini. Gesi za sasa hazina tabia hiyo kwa kiwango kile. Kwa hiyo shangazi hajakosea kabisa kuwa na wasiwasi, lakini kwa mapigo 140 yaliyovurugika nisingeanza kutafuta huko. Mleta uzi, babu alilazwa usingizi kabisa au alichomwa sindano ya mgongo?

#5 Mjukuu Mtiifu
Nimeuliza. Alichomwa sindano ya mgongo na kupewa dawa kidogo ya kumsinzisha, na anakumbuka hata sauti ya nyundo. Nimemweleza shangazi kwamba hiyo nusu kaputi anayoilaumu haikutolewa kabisa, naye amejibu kwamba sindano ya mgongo ndiyo mbaya zaidi.

#6 Kisu Kikali
Shangazi huyo angefaa sana kuwa wakili. Mimi ni mpasuaji wa mifupa na ninashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyenigusa, hivyo nitajitaja mwenyewe. Kwenye nyonga kuna dakika moja ambayo chumba kizima kinapaswa kunyamaza, nayo ni pale tunapoingiza saruji ya mfupa ndani ya uwazi wa paja kisha tukasukumia chuma ndani yake. Msukumo ule unakamua uboho, mafuta na hewa hadi kwenye mishipa ya damu, vinakwenda mapafuni, shinikizo la upande wa kulia wa moyo linapanda, oksijeni inashuka, na mapigo yanaweza kuvurugika au hata moyo kusimama. Ni jambo linalojulikana vizuri, na wanaodhurika zaidi ni wazee wenye moyo au mapafu dhaifu. Ndiyo maana tunasafisha na kukausha uwazi ule vizuri kabla ya saruji, na ninamtangazia daktari wa usingizi kwa sauti, "Ninaweka saruji sasa," ili awe macho na presha.

Naomba kujua, babu aliwekewa kichwa kipya cha nyonga kwa saruji au mfupa uliungwa kwa vyuma na skrubu? Na kuvurugika kulitokea saa ngapi ya upasuaji?

#7 Mfamasia wa Zamu
Naomba nami niongezee upande wangu, maana mnazungumzia dakika za mezani na kusahau saa nyingi zilizotangulia. Mzee aliyevunjika nyonga hufika mezani akiwa amelala na maumivu, hakula vizuri, amefungishwa kula na kunywa zaidi ya mara moja kwa sababu zamu yake imeahirishwa, na pengine alikuwa akitumia dawa za presha zinazokojoza. Dawa hizo hutoa potasiamu na magnesiamu mwilini. Potasiamu ya kawaida iko kati ya 3.5 na 5.0, na ikishuka chini ya hapo chembe za moyo huanza kufyatua umeme bila kusubiri zamu yao, na hatari huwa kubwa zaidi kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo ambayo sumu yake hukua potasiamu inapopungua na figo zinapochoka.

Kuna na hili la dawa iliyokatizwa. Mtu anayetumia dawa ya kupunguza kasi ya moyo kwa miaka, kama atenololi au bisoprololi, anaambiwa asimeze kitu chochote, anaelewa kwamba hata vidonge vimo, moyo unaamka bila breki aliyoizoea. Nimeona mgonjwa wa tezi dume aliyevurugika mapigo mezani kwa sababu hiyo, na vidonge vyake vilikuwa kwenye mfuko wa shati lililotundikwa wodini.

#8 Mzee wa Zamani
Mfamasia amefungua mlango niliokuwa nikiusubiri. Kama dawa hizo zinautuliza moyo, basi kila mzee apewe asubuhi ya upasuaji, awe anazitumia au hazitumii. Katika miaka ya 1990 jambo hilo lilifanyiwa utafiti kwa atenololi na likaonekana kusaidia, na wengi tulilipokea. Sijui kwa nini liliachwa.

#9 Mlinzi wa Usingizi
Mzee wa Zamani, liliachwa kwa sababu ya utafiti wa POISE uliochapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 8,351 katika nchi 23, wote wakifanyiwa upasuaji usio wa moyo, waligawanywa: nusu walianzishiwa metoprololi, ndugu ya atenololi, saa chache kabla ya upasuaji, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walipata shambulio la moyo kwa uchache zaidi, na hata mapigo kuvurugika kulipungua. Lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi, na waliopata kiharusi vilevile, kwa kuwa presha zao zilishuka mno. Tangu hapo kanuni ni kwamba anayetumia aendelee kutumia, hata asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, na asiyetumia asianzishiwe siku hiyo.

#10 Mzee wa Zamani
Ninaufahamu utafiti huo na ninajua pia kwamba kipimo walichotumia kilikuwa kikubwa, miligramu 100 kwa kuanzia, kwa mtu ambaye mwili wake haujawahi kuonja dawa hiyo. Kuanza na kipimo kidogo wiki kadhaa kabla, ukipandisha taratibu, ni jambo tofauti, na POISE haikulijibu.

#11 Mlinzi wa Usingizi
Hapo sibishani nawe. Ila mwenye nyonga iliyovunjika hana wiki kadhaa za kusubiri, kwa kuwa kuchelewesha upasuaji wake kunamletea madhara mengine.

#12 Fundi Mitambo
Kabla hamjafika mbali, je, mna uhakika kwamba moyo ndio uliovurugika? Mimi hushughulikia mashine za vyumba vya upasuaji. Mpasuaji akiwasha kisu cha umeme, mstari wa moyo kwenye skrini hugeuka kuwa mchirizo wa fujo tupu, na mashine ikijaribu kuhesabu hutangaza mapigo 200 au zaidi. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, au kibandiko cha kifuani kikilegea kwa jasho, mstari hufanana sana na ugonjwa halisi. Dawa yake ni kuangalia mstari wa pili, ule wa kidole unaopima oksijeni. Ukiona mawimbi ya kidoleni yanapita kwa mpangilio huku mstari wa moyo ukicheza, tatizo ni waya.

#13 Mlinzi wa Usingizi
Fundi amesema kweli, ila kwa babu wa #1 presha ilishuka, na waya hauwezi kushusha presha. Niongeze kwamba wengi wetu husikia badiliko kabla ya kuliona. Kipimo cha kidole hutoa mlio kwa kila pigo, na mlio huo hushuka sauti oksijeni inaposhuka. Ukiwa umegeuka kuandaa dawa, masikio yako yanazoea ule mwendo sawa. Yakisikia pigo, pigo, kimya kirefu, kisha mapigo matatu yaliyosongamana, shingo inageuka yenyewe.

#14 Msomaji Mkimya
Husoma tu bila kuandika, lakini leo nina mfano. Mama yangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo. Tulielezwa kwamba mara tu tumbo lilipojazwa gesi, mapigo yalishuka hadi thelathini na kitu, wakaitoa gesi, mapigo yakarudi, wakajaza upya taratibu na hakukuwa na shida tena. Hakuwa na ugonjwa wa moyo kabla wala baada. Je, hilo nalo ni umri?

#15 Kisu Kikali
Hilo ni tumbo kuvutwa. Utando wa tumbo ukitanuka ghafla, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo huuamuru moyo upunguze mwendo. Hali kama hiyo hutokea utumbo unapovutwa, shingo inapopasuliwa karibu na mshipa mkuu wa damu, na misuli ya jicho inapovutwa, jambo lililoelezwa tangu mwaka 1908. Tiba ya kwanza ni mpasuaji kuacha anachokifanya, na ndiyo tiba pekee ninayoijua ambayo inatolewa kwa kukemewa.

#16 Kidole Juu
Hadi sasa tumepata umri, ganzi, saruji, chumvi za damu, vidonge vilivyosahaulika, waya na tumbo. Nami ninaongeza la nane: huenda babu alikuwa nalo siku zote na mezani likaonekana tu kwa sababu ndipo alipoangaliwa kwa saa mbili mfululizo. Baba mdogo anakitegemea kile kipimo cha kabla. Hicho kipimo huangalia moyo kwa muda gani?

#17 Sikio la Moyo
Sekunde kumi. Mimi ni daktari wa moyo, na nimekuwa nikisubiri mtu aulize. Mpapatiko wa vyumba vya juu, hasa mwanzoni, huja na kuondoka. Mtu anaweza kuwa nao usiku saa tatu nzima asijue, na kesho yake sekunde kumi zikatoka safi. Kwa hiyo kipimo kilichoonekana sawa hakithibitishi kwamba moyo haukuwahi kuvurugika, na baba mdogo anailaumu hospitali kwa kushindwa kuona kitu ambacho kipimo hicho hakikuundwa kukiona.

Kuna na maelezo ya tisa, uvimbe wa ndani unaotokana na jeraha lenyewe la upasuaji. Baada ya upasuaji wa moyo, kati ya wagonjwa 20 na 40 katika kila 100 hupata mpapatiko, na wengi huupata siku ya pili au ya tatu, wakati kemikali za uvimbe zimepanda mwilini. Wengi tuliamini kwamba ukituliza uvimbe utauzuia. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa COP-AF, waliojaribu kolkisini, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa waliopasuliwa kifua kwa sababu zisizo za moyo, na tofauti haikuwa kubwa vya kutosha kusema kwamba dawa imesaidia. Binafsi bado sijaliacha wazo hilo.

#18 Mlinzi wa Usingizi
Daktari, nakuheshimu, ila hapo unatuhamishia uzi. Mpapatiko wa siku ya tatu wodini na mpapatiko wa dakika ya arobaini mezani si jambo moja. Uvimbe unahitaji muda kukua. Mezani ninatafuta kilichobadilika dakika chache zilizopita: je, oksijeni imeshuka, kabonidioksidi imepanda, damu imepotea, mgonjwa amepoa, ganzi imeanza kuisha na maumivu yameingia? Hata kibofu kilichojaa mkojo kimewahi kupandisha mapigo ya mzee nikiwa na sindano ya dawa ya moyo tayari mkononi. Ninarekebisha hayo kwanza. Dawa ya moyo huja baadaye, na mshtuko wa umeme ni kwa yule ambaye presha imeporomoka na hairudi.

#19 Sikio la Moyo
Mwenye nyonga iliyovunjika hakuanza kujeruhiwa mezani. Alijeruhiwa alipoanguka, na uvimbe ulianza kujijenga tangu saa hiyo. Kwa mgonjwa huyu saa yako na yangu zinakutana.

#20 Mjukuu Mtiifu
Asanteni sana. Majibu ya #6: aliwekewa kichwa kipya kwa saruji, lakini tulivyoelezwa, mapigo yalivurugika mapema, kabla ya saruji. Majibu ya #7: potasiamu yake ya asubuhi ile ilikuwa 3.3, na alikuwa akitumia dawa ya kukojoza kwa miaka. Mapigo yalirudi sawa yenyewe jioni ile ile. Sasa kuna swali jipya: daktari mmoja anataka aanzishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda ili asipate kiharusi, mwingine anasema jambo limeshapita. Nani yuko sahihi?

#21 Mfamasia wa Zamu
3.3! Ninaomba lisipitwe haraka.

#22 Kisu Kikali
Halijapitwa, lakini wazee wengi hupasuliwa wakiwa na 3.3 na hawavurugiki. Na kabla ya saruji huwa tumeshafungua, tumekata na tumepoteza damu, kwa hiyo bado sijajiondoa kwenye orodha.

#23 Sikio la Moyo
Kuhusu swali la #20, madaktari wote wawili wana hoja. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa California uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliopata mpapatiko wakiwa hospitalini kwa upasuaji usio wa moyo walipata kiharusi ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 1.47, na wasioupata asilimia 0.36. Hiyo ni tofauti kubwa. Kwa alama tunazotumia kukadiria hatari, kufikisha miaka 75 peke yake ni alama mbili, na presha ni alama nyingine moja. Lakini hesabu hizo zilitungwa kwa watu wenye mpapatiko wa kawaida, si kwa aliyepata wa saa chache akiwa na sababu iliyo wazi ya kuupata.

#24 Kisu Kikali
Nami ninaongeza jeraha. Dawa hiyo ikianza mapema mno, damu hukusanyika kwenye nyonga, jeraha hufumuka, na kurudi mezani ni hatari kwa moyo huo huo mnaoulinda. Ikiwa itaanzishwa, mpasuaji aulizwe ni lini.

#25 Sikio la Moyo
Nakubali kuhusu muda. Mimi ningemvalisha babu kipimo kidogo cha kifuani kinachorekodi mapigo kwa siku kadhaa baada ya kupona. Mpapatiko ukirudi nyumbani, mjadala wa kiharusi umekwisha na anahitaji dawa. Usiporudi, mjadala unaendelea kama ulivyo hapa.

#26 Bi Mstaafu wa Thieta
Kwa wengine wanaosoma na wanao wazee watakaopasuliwa: siku ya kuonana na daktari wa usingizi nendeni na vidonge vyenyewe ndani ya pakiti zake, msitegemee kukumbuka majina. Semeni kama mzee amewahi kuzimia, kama anakoroma hadi pumzi inakatika, kama ana betri ya moyo, yaani kifaa kilichopandikizwa kifuani ili kuupigisha moyo. Na mwenye betri aje na kadi yake, maana nimesikia watu wakidai kwamba sumaku inawekwa juu yake ili kuizima wakati wa upasuaji.

#27 Fundi Mitambo
Kwa betri ya kawaida, sumaku haiizimi. Kwa kawaida huilazimisha ipige kwa kasi moja isiyobadilika, bila kuusikiliza moyo, ili kisu cha umeme kisiidanganye kwamba moyo unapiga wenyewe. Kwa kile kifaa kinachotoa mshtuko, sumaku huzuia mshtuko tu na haigusi upigaji wa kawaida. Vifaa vingine vimepangwa tofauti, na ndiyo sababu ya kadi.

#28 Msomaji Mkimya
Naomba swali moja la mwisho upande wangu. Mama mkubwa ana mpapatiko wa siku zote, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ya aina hizi mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, na atafanyiwa upasuaji wa utumbo mwezi ujao. Dawa anaacha lini, na je, atahitaji sindano za kuziba pengo, yaani za kuzuia damu kuganda kwa muda ambao dawa imeachwa?

#29 Mlinzi wa Usingizi
Kwa dawa mpya na upasuaji mkubwa, kwa kawaida huachwa siku mbili kamili kabla, na zaidi ya hapo ikiwa figo zimechoka, hasa kwa dabigatrani. Sindano za kuziba pengo kwa dawa hizo kwa kawaida hazihitajiki. Kama anatumia pia dawa ya kupunguza kasi ya moyo, aendelee nayo hadi asubuhi ya upasuaji. Tuwekee hapa jina la dawa na majibu ya figo, na usimruhusu aache chochote kabla ya kuonana na daktari wake.

#30 Msomaji Mkimya
Shukrani. Dawa ni apiksabani. Majibu ya figo yanatoka Jumatatu, nitayaleta.